Mjane wa Lodi Hayupo

"Na wewe ukifa, Bi Hadia, nani atakukalia matanga?"

Jirani yake, Bi Sikudhani, aliuliza hivyo siku ya kuanua matanga, amepakata ungo anachagua mchele, wala hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza kesho utapika nini. Majamvi yalikuwa yanakunjwa, masufuria ya kuazima yanarudi kwa wenyewe, na wale wanawake waliolia kwa sauti kubwa kuliko wote walikwisha kuondoka ili wayawahi maji ya bomba. Bi Hadia alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo zake nyeupe za eda. Watoto Mungu hakumjalia. Ndugu zake wa mbali walikuwa mbali kweli, na wa karibu walikuwa makaburini.

"Mungu yupo, shoga," akasema.

"Yupo, sikatai," akasema Bi Sikudhani, akitupa kijiwe cha mchele dirishani. "Mimi nauliza nani atapika."

Kisha akajitwika ungo wake akaenda zake, na nyumba ikabaki na mtu mmoja.

Nyumba hiyo ilikuwa katika nchi ya Ridhaa. Ridhaa ni nchi tulivu sana. Raia wake wote wanakubaliana, na asiyekubaliana huelezwa taratibu, mahali pa faragha, mpaka akubaliane. Siku ya uhuru nchi hii ilifuta vyeo vyote vya kikabaila kwa sheria moja fupi, na tangu siku hiyo imekuwa ikivirudisha kimoja kimoja kwa sheria ndefu.

Marehemu alikuwa Idrisa, fundi miavuli wa sokoni, pembeni ya duka la chumvi. Miaka thelathini na minane ya ndoa yao alikaa pale pale na koleo yake ndogo, anaunga mbavu za miavuli zilizovunjika. Watu wa soko walimwita Lodi, yaani bwana mkubwa wa Kizungu. Walimwita kwa utani, kwa sababu babu yake alikuwa Mzungu wa Skoti aliyekuja zamani kwa kazi ya kupima mvua. Mzungu yule aliipima mvua miaka miwili, akaandika kwao kwamba mvua ya huku ina joto, hakurudi tena. Alisilimu, akaoa kwa mahari na mashahidi, akapata mtoto mmoja wa kiume, na huyo mtoto ndiye baba yake Idrisa. Urithi aliowaachia ulikuwa sketi ya sufu ya miraba, nyekundu na kijani, ile wanayovaa wanaume wa kwao bila haya. Idrisa hakuivaa hata siku moja. Msimu wa mvua alijifunika nayo miguu, yeye na mkewe, mguu wa huyu na mguu wa huyu.

"Lodi, mwavuli wangu tayari?" watu walikuwa wakimwuliza.

"Kwani mvua tayari?" naye akiwajibu.

Basi hayo ndiyo maisha yao yalivyokuwa. Hawakuwa na neno na mtu.

*

Huko Skoti, katika ngome iitwayo Glenkorri, mzee mmoja wa miaka tisini na mitatu alifariki akiwa anakula yai. Alikuwa Lodi wa kumi na nne wa Glenkorri, na hakuacha mtoto, wala mpwa, wala binamu. Makarani wa huko wakafungua vitabu, wakaufuata ukoo kwa kidole, wakashuka nao mpaka kwa yule aliyekwenda kupima mvua, wakatoka naye upande wa pili. Wakakuta kwamba Lodi wa kumi na tano, na wa mwisho wa ukoo, ni fundi miavuli.

Wakaandika barua. Ilipofika, Idrisa alikwisha kuzikwa. Lakini ukihesabu siku, yule mzee wa yai alimtangulia kufa kwa siku kumi na moja. Kwa hiyo Idrisa alikuwa Lodi wa Glenkorri kwa siku kumi na moja bila kujua, na katika siku hizo alitengeneza miavuli tisa, akashikwa na kifua, akafa.

Barua haikufika kwa Bi Hadia. Ridhaa barua zote hufunguliwa na serikali kwanza, ili kuwapunguzia raia taabu ya kurarua bahasha. Ikatua mezani kwa Waziri wa Heshima, Mheshimiwa Ulimbo, na jioni ile ile redio ikatangaza kwamba taifa limebarikiwa: mwana wa Ridhaa alikuwa Lodi, na kwa hiyo Ridhaa nzima, kwa namna fulani, ilikuwa Lodi.

Bi Hadia aliisikia habari hiyo kupitia dirishani, kwenye redio ya Bi Sikudhani. Alidhani ni mchezo wa kuigiza.

Wiki nzima redio ilisimulia historia ya ukoo ule, na watu walisikiliza kuliko wanavyosikiliza mechi. Lodi wa kwanza alipewa cheo kwa sababu alimshikia mfalme farasi wakati mfalme amekwenda haja. Farasi hakukimbia, na hiyo ikaonekana ni sifa ya uongozi. Lodi wa pili alikatwa kichwa kwa kosa la kucheka. Lodi wa tatu alikwenda vitani bila kumuaga mkewe. Maadui wakaizingira ngome, na mkewe akaitetea miezi saba peke yake kwa kuwamwagia uji wa shayiri wa moto kutoka dirishani. Mume aliporudi, amefuga ndevu, mkewe hakumtambua, akammwagia na yeye. Akafa kwa uji. Mfalme aliposikia alitafakari siku tatu, kisha badala ya kumuadhibu yule mama akamuogopa, akaandika sharti ambalo mpaka leo halijafutwa: Lodi wa Glenkorri akifa bila mtoto wala ndugu wa ukoo, mjane wake ndiye atakayemtaja mrithi, kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna wa kumpinga. Na ikiwa hakuacha mjane, cheo kitakuwa cha mtawala wa nchi alikofia.

Sharti hilo la mwisho Mheshimiwa Ulimbo alilisoma mara nne. Mara ya nne alisimama.

Inafaa kueleza kwa nini alisimama. Mlezi Mkuu wa Taifa, yaani rais, alikuwa na vyeo thelathini na kimoja. Alikuwa Mlezi Mkuu, Nahodha wa Amani, Baba wa Mito Mikubwa, Baba Mdogo wa Mito Midogo, Mkulima Namba Moja, Daktari wa Hali ya Juu, na kuendelea. Vyeo hivyo huandikwa kwenye bango kubwa mbele ya Ikulu kwa safu mbili, na kwa kuwa thelathini na kimoja haigawanyiki, safu ya kushoto ilikuwa na kumi na sita na ya kulia kumi na tano. Bango lilining'inia upande. Wahandisi waliitwa, likafungiwa jiwe, jiwe likaanguka. Miaka mitatu taifa lilikuwa likilitazama bango lile huku limeinamisha shingo, na watoto wa shule za jirani walianza kutembea shingo upande wakidhani ndiyo heshima.

Kilihitajika cheo kimoja tu.

*

Sheria ya Ridhaa ni ya haki. Kabla ya kusema kwamba mtu hayupo, ni lazima aitwe mara tatu.

Siku ya kumi na tisa ya eda, tarishi wa Ofisi ya Vyeo na Urithi wa Heshima alipiga hodi. Alikuwa mzee, jina lake Pandu, miguu imemvimba kwa kutembeza wito wa watu.

"Karibu, baba," akasema Bi Hadia kutoka ndani, "lakini bakia hapo hapo nje ya pazia. Niko eda."

"Pole sana, bibi. Nina wito. Mjane wa marehemu Lodi anatakiwa ofisini, yeye mwenyewe, kwa miguu yake."

"Mwanamke aliyefiwa na mume anakwenda ofisini vipi, baba Pandu? Nimebakisha siku mia na kumi na moja. Waambie wao waje, au wangoje."

Mzee Pandu akasikika akikunjua karatasi.

"Tatizo ni fomu, bibi. Ina visanduku viwili tu. Kimoja kinasema ameonekana, kingine kinasema hakuonekana. Na mimi nikisema kweli, sijakuona."

"Unanisikia."

"Nakusikia vizuri kabisa. Lakini fomu haina mahali pa kusikia."

"Basi andika pembeni kwamba mjane yuko eda."

"Pembeni ni pa muhuri, bibi."

Akatia alama kwenye *hakuonekana*, akaomba maji, akapitishiwa kikombe chini ya pazia, akanywa, akashukuru.

Alirudi siku ya arobaini. Safari hii alikuwa na wito na jambo jingine, na hilo jingine lilimtia haya. Taifa lilikuwa linaihitaji ile sketi.

"Najifunika nayo miguu," akasema Bi Hadia.

"Najua, bibi. Wamesema taifa nalo litajifunika."

Aliikunja. Aliinusa kwanza, ilikuwa bado na harufu ya mafuta ya mashine na ya mume wake. Kisha akaisukuma chini ya pazia. Usiku alilala amekunja magoti. Alilia, lakini si kwa ajili ya sufu.

Siku ya sitini na moja Mzee Pandu alikuja mara ya tatu, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akavua viatu. Walizungumza kitambo. Alimweleza habari ya miguu yake, naye akamwelekeza dawa ya maji ya chumvi na majani ya mkwaju. Alimweleza kwamba mkewe anamkoromea akiwa macho. Bi Hadia alicheka, na kicheko chake kilimshtua mwenyewe. Hakikupita kinywani miezi miwili. Tangu matanga yaanuliwe, hakuna aliyekaa kwenye ngazi ile.

"Utarudi lini, baba Pandu?"

"Sirudi, bibi. Wito ni mara tatu."

Alitaka kumwambia awaombe waite mara ya nne. Aliona aibu. Akasikia kalamu ikitia alama, viatu vikivaliwa, na nyayo zikienda, moja nzito na moja nyepesi, mpaka kona.

*

Baada ya wiki moja redio ikatangaza: imethibitika, baada ya uchunguzi wa kina na wito mara tatu, kwamba Lodi wa kumi na tano wa Glenkorri hakuacha mjane.

Watu wa Ridhaa ni watiifu. Mtu ambaye redio imesema hayupo, hasalimiwi; ukimsalimia unakuwa umeikanusha redio. Muuza maziwa aliacha kugonga. Mwalimu wa madrasa aliyekuwa akimpelekea mtoto amsomee Yasini kila Alhamisi alimpeleka mtoto yule nyumba nyingine. Wanawake wa kisomo waliokuwa na kawaida ya kupita wakisema "Bi Hadia, umeamkaje?" walipita kimya, na mmoja wao, aliyesahau, akasema "Bi Ha..." akamalizia kwa kukohoa.

Bi Sikudhani peke yake alipata ufumbuzi. Ua wa nyumba hizi mbili umetenganishwa na ukuta wa kimo cha kifua. Siku moja adhuhuri akaja na bakuli, akaliweka juu ya ukuta, akaukazia macho ukuta wenyewe.

"Ewe ukuta," akasema, "leo nimepika mchuzi wa samaki. Umezidi."

Bi Hadia alikuwa upande wa pili, anaanika kanga.

"Ahsante, shoga," akasema.

"Ukuta huu hausemi," akasema Bi Sikudhani kwa sauti ya kusikika barabarani. Kisha, chini chini, kama anayeung'ata uzi: "Kula kingali moto, dada yangu. Mimi nina wanangu."

Tangu hapo ukawa utaratibu. "Ewe ukuta, sukari hii." "Ewe ukuta, mvua inakuja, kama una nguo uzianue." Bi Hadia alijifunza kutojibu. Aliosha bakuli, akalirudisha juu ya ukuta, na ndani yake aliweka alichonacho: ndimu mbili, au jani la mchaichai. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake na binadamu. Mengine yote aliyazungumza kwenye mswala. Huko alisikilizwa, hilo hakulitilia shaka. Lakini mtu akisikilizwa na Mola wake bado hupenda kuulizwa na jirani ameamkaje.

Alihesabu siku zake kwa punje za mahindi ndani ya kopo. Kila Alfajiri alitoa moja. Kuna asubuhi alikaa na punje mkononi akajiuliza anazihesabu kwa ajili ya nani, kwa kuwa eda ni ya mjane, na mjane hayupo. Kisha akaitia punje mfukoni, akaenda kuwasha jiko.

*

Eda ilikwisha siku ya Jumatano. Alioga, akavua nyeupe, akavaa gauni lake la bluu na baibui, akachukua cheti cha ndoa kutoka chini ya godoro na mwavuli mweusi ambao Idrisa aliutengeneza mwisho kabla ya kulala kitandani. Nia yake ilikuwa moja. Cheo hakukitaka, hakujua hata kinawekwa wapi. Alitaka katika kitabu cha serikali paandikwe kwamba Idrisa alikuwa na mke, na mke huyo ni yeye. Siku akifa, hata kama hakuna wa kupika, pawe na mstari mmoja.

Mjini hakupatambua. Mabango ya miraba nyekundu na kijani yalitanda kila ukuta. Wauza uji wote walikuwa sasa ni wauza uji wa Lodi. Sokoni, pembeni ya duka la chumvi, kile kigoda cha Idrisa kilikuwa kimezungushiwa mnyororo, na askari amesimama hapo na bunduki.

"Hapakaliwi, mama," akasema askari. "Hapa ni mahali pa kumbukumbu."

"Nilikuwa nikimletea chakula hapa."

"Nani?"

"Mume wangu."

"Basi tafuta alipo umpelekee," akasema askari kwa upole. Hakuwa mtu mbaya.

Ofisi ya Vyeo na Urithi wa Heshima ina madirisha kumi na manane, na kumi na saba kati yake hufungwa ili watu wasichanganyikiwe. Kwenye la kumi na nane alikaa Msajili, Bwana Tawakali, mtu safi, nywele zimechanwa kwa mafuta.

"Nimekuja kuandikwa," akasema Bi Hadia. "Mimi ni mjane wa Idrisa."

Bwana Tawakali akafungua kitabu, akashuka kwa kidole, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi.

"Mjane hayupo, mama. Aliitwa mara tatu hakuja. Na wewe mwenyewe ni mtu mzima, niambie: mke gani wa mtu ataitwa kwa jambo la marehemu mumewe asije?"

"Nilikuwa eda, mwanangu."

"Eda ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Lakini marehemu hakuwa na mke. Imeandikwa." Bwana Tawakali akaegemea mbele, na uso wake ulionyesha kwamba kweli anataka kumsaidia. "Sasa wewe, mama yangu, miezi minne na siku kumi, ulikuwa umemkalia nani?"

Bi Hadia alitoa cheti, akakipitisha dirishani. Kilikuwa kimekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa matundu. Bwana Tawakali alikisoma mbele na nyuma.

"Cheti ni halali," akasema. "Sina ubishi nacho. Lakini soma hapa. Bwana harusi: Idrisa, kazi yake fundi miavuli. Huyo ni fundi. Sisi tunamzungumzia Lodi. Marehemu alikuwa Lodi kwa siku kumi na moja, na katika siku hizo kumi na moja hakufunga ndoa na mwanamke yeyote. Tumekagua misikiti yote."

"Ni mtu mmoja huyo huyo."

"Kwa macho ya kawaida, ndiyo."

Hapo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Mheshimiwa Ulimbo. Alikuwa amevaa ile sketi juu ya suruali yake, kwa kuwa aliona sketi peke yake haifai kwa mtu mwenye wajukuu. Nyuma yake walikuwa watu watatu wa redio na waya wao, kwa sababu siku ile ndiyo cheo kilikuwa kitangazwe kwa taifa. Mzee Pandu alikuwa pale kwenye benchi la matarishi. Alimtazama mwanamke wa dirishani bila kumjua. Kisha Bi Hadia akasema "Asalaam aleikum", na mzee yule akainuka ghafla kutoka kwenye benchi kama aliyeitwa.

Waziri alinong'onezwa na Msajili. Uso ukamng'aa.

"Ulikaa nyumba moja na marehemu?"

"Miaka thelathini na minane."

"Alhamdulillahi! Mama, tumekutafuta miezi miwili!"

Akaeleza. Makarani wa Skoti ni watu wabishi. Walikwisha kupelekewa taarifa kwamba hakuna mjane, wakajibu kwamba wanataka mkono wa mtu aliyekaa na marehemu nyumba moja, athibitishe hivyo mwenyewe. Ofisi ilitafuta mtu huyo kila mahali ikamkosa, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu, na huyo ilikwisha kuthibitika kwamba hayupo.

"Na leo Mungu amekuleta kwa miguu yako," akasema Mheshimiwa Ulimbo, akamvutia kiti kwa mkono wake. "Mama yangu, serikali haisahau. Wewe tia saini tu kwamba marehemu hakuacha mke. Neno moja. Na leo leo, mbele ya redio hii, natangaza kwamba wewe ni Mjane Rasmi wa Taifa."

"Mjane wa nani?"

"Wa Taifa! Nyumba ya ghorofa, watu wa kukuhudumia, wageni asubuhi na jioni. Shule zitakuja kukuimbia. Kila sikukuu utakaa mstari wa mbele, wa pili kutoka kwa Mlezi Mkuu. Hutakaa peke yako tena mpaka siku ya kufa kwako. Na siku hiyo," akashusha sauti, akauweka mkono kifuani juu ya sketi, "nchi nzima itakukalia matanga siku saba. Bendera nusu mlingoti. Jeshi litapika."

Lilikuwa jibu la swali la Bi Sikudhani, limekuja zima zima, na jeshi la kupika. Bi Hadia alikaa akalitazama. Asiseme mtu kwamba halikumgusa. Aliona ngazi ya mlango wake imejaa viatu vya wageni. Aliona wanawake wa kisomo wakisema jina lake mpaka mwisho, bila kukohoa. Kisha macho yake yakashuka kwenye sketi, pale kwenye pindo, alipopashona mwenyewe kwa uzi wa rangi nyingine mwaka ule panya walipoitafuna, na Idrisa akamcheka kwa kushona upande.

"Lete karatasi," akasema.

Ikaletwa. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, maana shule yake iliishia darasa la nne na maneno ya serikali ni marefu. *Mimi niliyetia saini hapa chini, niliyekaa na marehemu Lodi nyumba moja kwa miaka thelathini na minane, nathibitisha kwamba marehemu hakuacha mke.* Waziri alimpa kalamu yake ya dhahabu. Bi Hadia akasema bismillahi, akaandika, herufi moja moja, zimesimama wima kama alivyofundishwa. Ilichukua muda. Watu wa redio waliwasha mitambo yao.

Ridhaa karatasi hupigwa muhuri kabla ya kusomwa, kwa kuwa ikisomwa kwanza huenda isipigwe. Bwana Tawakali akaipiga mihuri mitatu, wa bluu, wa bluu, na mwekundu. Kisha akakohoa, akasogea kwenye kipaza sauti, na nchi nzima ikanyamaza kumsikiliza: sokoni, shuleni, na kwenye ukuta wa kimo cha kifua ambako Bi Sikudhani alikuwa ameegemeza redio yake.

"Ndugu wananchi," akasoma Bwana Tawakali kwa sauti ya kupanda na kushuka. "Mimi niliyetia saini hapa chini, niliyekaa na marehemu Lodi nyumba moja kwa miaka thelathini na minane, nathibitisha kwamba marehemu hakuacha mke. Imetiwa saini na mimi..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. Lakini sauti ilikwisha kushika kasi, haikuweza kusimama. "...na mimi, Hadia, mke wake."

Mihuri mitatu ilikuwa bado mibichi. Waziri alifungua kinywa, akaikumbuka redio, akakifunga. Kwenye benchi, Mzee Pandu alikuwa ametoa fomu yake ya zamani mfukoni na kipande cha kalamu, akatia alama kwenye kile kisanduku cha kwanza, cha *ameonekana*.

Bi Hadia aliirudisha kalamu ya dhahabu juu ya meza. Akakikunja cheti chake kwa mikunjo yake ile ile ya siku zote, akakitia kifuani, akajifunga baibui. Akautwaa mwavuli mweusi, akaufungua pale pale mlangoni kuangalia kama mbavu zimeshika. Zilikuwa zimeshika. Akatoka.